Bustani ya Kutazamwa Dirishani: Mimea ya Kupamba Majira ya Baridi



Kila inapofika Novemba, swali moja hutujia kutoka kwa jamaa wa kila upande: je, kuna faida gani kuwa na bustani katika nchi hii ya Uingereza, ambamo karibu nusu ya mwaka bustani hiyo ni matope na vijiti vikavu? Si afadhali kuipiga saruji, gari likapata pa kusimama, na nyumba ikasalimika na tope la viatu vya watoto? Wapo waliokwisha kufanya hivyo, na wala hatuwalaumu, kwani kila mtu anaijua haja ya nyumba yake. Lakini kabla mwingine hajaagiza saruji, tumeonelea mwezi huu tuseme neno la kuitetea bustani ya baridi, kisha tutaje mimea michache inayoweza kuipamba tangu Novemba hadi Machi, kwa gharama ambayo mtu wa kipato cha kawaida ataimudu.

NI NANI ANAYEITAZAMA?

Kwanza tujiulize: bustani hii wakati wa baridi hutazamwa na nani? Kijana hutoka kazini na kiza na kurudi na kiza. Haioni ila Jumamosi na Jumapili. Watoto wako skuli. Anayeitazama mchana kutwa ni bi mkubwa, au babu, aliyeletwa huku uzeeni ili awe karibu na wanawe na wajukuu wake. Mzee huyu alizoea mlango ulio wazi na baraza ya kukalia, akapita huyu akamwamkia, akapita yule akampa habari za mji. Huku baridi humfungia ndani, na dirisha ndilo baraza lililombakia.

Tarehe 21 au 22 Desemba, iliyo siku fupi kabisa ya mwaka, mchana wa London huwa ni wa saa 7 na dakika 50 tu, ilhali siku hiyo hiyo mchana wa Zanzibar unazidi saa 12. Katika saa hizo chache za mwanga, tukimwekea mzee mbele ya macho yake sakafu ya saruji na pipa la taka, tumempa nini cha kungojea? Mmea unaobadilika wiki kwa wiki humpa mtu habari mpya: leo chipukizi limejitokeza, kesho ua limefunguka, keshokutwa ndege amekuja. Hiyo ndiyo sababu yetu kubwa ya kuandika makala haya.

Iko na sababu ya kisheria ambayo inafaa kila mwenye nyumba aijue. Katika England, tangu Oktoba 2008, anayetaka kuweka mbele ya nyumba yake sakafu isiyopitisha maji, yenye ukubwa unaozidi mita 5 za mraba, hana budi kuomba kibali cha mipango, isipokuwa kama maji ya mvua yataelekezwa kwenye sehemu ya ardhi inayoweza kuyanywa. Amri hiyo ililetwa kwa ajili ya kupunguza mafuriko ya mijini, kwani mvua ikikosa udongo wa kuingia hukimbilia barabarani na kwenye mifereji ya maji machafu. Basi hata anayehitaji pahali pa gari anaweza kuacha ukanda wa udongo pembeni, na ukanda huo ukatosha kwa haya tutakayoyataja.

ANZENI DIRISHANI, SI DUKANI

Wengi wetu huenda katika duka la miche wakati wa joto, tukavutiwa na ua lililochanua siku ile, tukalinunua, na ifikapo Oktoba likawa limekwisha. Kwa bustani ya baridi, mwendo ni kinyume chake. Kaeni kwanza katika kiti anachokalia mzee wenu, mtazame nje kutoka hapo. Jicho linaangukia wapi? Tieni alama kwa kijiti. Hapo ndipo panapostahiki mmea wa kwanza, hata kama ukiwa nje mnaona pangependeza zaidi pengine.

Kisha liangalieni jua. Katika siku zile fupi za Desemba, jua la adhuhuri katika London huinuka kiasi cha nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Maana yake ni kwamba uzio wa urefu wa mita 2 ulioko upande wa kusini hutupa kivuli cha zaidi ya mita 7. Bustani nyingi za nyumba zetu hazizidi sana urefu huo. Kwa hiyo mimea inayohitaji jua ili rangi yake ing'ae ipandwe nje ya kivuli hicho, na chini ya uzio iwekwe ile inayostahamili kivuli.

Majina ya mimea tumeyaandika kwa Kilatini, kama yanavyoonekana kwenye vibandiko vya madukani, ili msomaji aweze kumwonyesha muuzaji karatasi hii bila ya kubishana naye juu ya matamshi.

VIJITI VYENYE RANGI

Mmea wa kwanza tunaoupendekeza ni Cornus alba, aina ya Sibirica. Wakati wa kiangazi ni kichaka cha kawaida kabisa. Lakini majani yakishapukutika, vijiti vyake hubaki vyekundu kama pilipili mbivu, na jua la alasiri likivipiga huonekana kama moto uliowashwa pembeni mwa uwanja. Huota vizuri katika udongo mzito wenye unyevu, nao ndio udongo tulio nao wengi wetu tunaoishi London na kandokando yake. Anayependa rangi ya chungwa atafute Cornus sanguinea iitwayo Midwinter Fire, ambayo vijiti vyake ni njano chini, chungwa katikati na vyekundu nchani.

Siri ya mimea hii ni kisu. Rangi nzuri iko katika vijiti vichanga. Vikizeeka hufifia vikawa vya kahawia. Kwa hiyo, baada ya kuuacha mwaka mmoja au miwili ujizatiti, Cornus alba hukatwa mwisho wa Machi hadi kiasi cha vidole vinne kutoka ardhini, kisha ukatiliwa samadi. Msiogope, utachipua upya na majira ya baridi yajayo utakuwa mwekundu kuliko mwanzo. Midwinter Fire hauna nguvu kama mwenziwe, basi ukatwe kwa huruma: ondoeni vijiti vikongwe tu na mviache vingine.

Wenye nafasi kubwa huweza kupanda mti wa gome. Betula utilis jacquemontii, unaotoka milima ya Himalaya, una shina jeupe kama kanzu iliyopigwa pasi, lakini hufikia urefu wa mita 12 na zaidi, na hivyo haufai karibu na nyumba. Kwa bustani ya kiasi, bora ni Acer griseum, ulioletwa Uingereza kutoka Uchina na Ernest Wilson mwaka 1901. Huu hukua polepole sana, na gome lake la rangi ya mdalasini hujibambua katika ngozi nyembamba zinazopitisha mwanga. Ama mierebi yenye vijiti vya rangi, ambayo pia husifiwa, tunawanasihi wenye nyumba za mistari waiepuke, kwani mizizi yake hutafuta maji mbali na huweza kuingia katika mabomba.

HARUFU MLANGONI

Sisi watu wa mwambao hulihukumu ua kwa pua kabla ya jicho. Asumini, kilua, mkadi na mrehani havikupata heshima kwa ukubwa wa maua yake, bali kwa harufu inayobaki katika nywele na katika nguo. Basi wengi watastaajabu kusikia kwamba katika nchi hii mimea mingi yenye harufu kali huchanua katikati ya baridi. Wakati huo wadudu wanaoruka ni wachache, na ua lenye kutaka kutembelewa halina budi kuita kwa mbali.

Ulio bora kwa nyumba zetu ni Sarcococca confusa. Ni kichaka kidogo, hakipukutishi majani, hustahamili kivuli, na hakihitaji kupogolewa sana. Maua yake meupe ni madogo hata mtu huyapita asiyaone, lakini kuanzia Desemba hadi Februari au Machi harufu yake, iliyo kama ya asali, humpokea mgeni kabla hajabisha hodi. Upandeni karibu na mlango wa mbele. Kijitawi kimoja kikitiwa katika gilasi ya maji na kuwekwa chumbani, hutosha kukitia chumba kizima harufu. Kwa mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu, kijitawi hicho ni bustani nzima.

Wa pili ni Mahonia media, aina ya Charity, wenye majani ya miba na mashuke marefu ya maua ya njano kuanzia Novemba hadi Januari. Huu hurefuka hadi mita 3 au 4, kwa hiyo uwekwe nyuma, mbali na njia ya watoto kwa sababu ya miba yake. Siku yenye jua, hata katikati ya baridi, mtaona nyuki wakubwa wameufuata. Wa tatu ni Viburnum bodnantense, aina ya Dawn, uliopewa jina la bustani ya Bodnant iliyoko Wales. Maua yake ya waridi hutoka juu ya matawi matupu, hukoma jalidi ikizidi na hurudi baridi ikilegea. Wa nne, kwa mwenye uwezo, ni Hamamelis, aina ya Pallida, ambao maua yake ya njano ni kama nyuzi zilizokunjamana. Jalidi ikiyapiga hujikunja, na jua likitoka hujikunjua tena. Mmea huu ni ghali na hukua taratibu, nao hautaki udongo wenye chokaa nyingi.

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Uko mmea uitwao Jasminum nudiflorum, ulioletwa kutoka Uchina na Robert Fortune mwaka 1844. Ni jamaa wa asumini yetu kwa ukoo na kwa jina, na huchanua maua ya njano juu ya vijiti vya kijani kuanzia Novemba hadi Machi. Ni mmea mwema, haubagui udongo, na unafaa sana kufungwa ukutani chini ya dirisha. Lakini hauna harufu kabisa. Anayeununua kwa rangi atafurahi. Anayeununua kwa ajili ya jina, akitaraji kutunga kikuba, atarudi mikono mitupu.

VITUNDA NA NDEGE

Katika bustani ya baridi, ndege ndio wageni wa kila siku, nao huja kwa sababu ya chakula. Ilex, ule mti wa majani ya kijani yenye miba ambao wenyeji hulipambia Krismasi zao, ni mti wa nchi hii hata kama hakungekuwa na sherehe hiyo, na vitunda vyake vyekundu ni riziki ya ndege wengi. Lakini mti wa dume na wa jike ni mbalimbali, na jike peke yake ndiye mwenye vitunda, tena awe na dume karibu, hata kama ni katika uwanja wa jirani. Msidanganywe na majina ya dukani: Golden King, ambaye jina lake ni la mfalme, ni jike, na Silver Queen, ambaye jina lake ni la malkia, ni dume! Mwenye nafasi ya mti mmoja tu na anunue ule uitwao J.C. van Tol, ambao huzaa bila ya kuhitaji mwenziwe.

Kwa ukuta wa kaskazini usiopata jua, hakuna kinachoshinda Pyracantha. Vitunda vyake vyekundu, chungwa au njano huanza kuiva majira ya kupukutika majani na hubaki mpaka ndege wavimalize. Miba yake ni mirefu na mikali, na wengine huupanda chini ya dirisha la nyuma kwa kusudi hilo hasa, kwani mwizi huogopa miba kuliko kufuli. Wahenga walisema mkulima mmoja, walaji wengi. Na sisi tumefunzwa katika dini yetu kwamba anachokula ndege katika alichokipanda Mwislamu huandikwa kuwa ni sadaka. Mzee anayemwona ndege akila dirishani na alijue hilo, hatamwona kuwa ni mharibifu.

MAUA YA CHINI

Chini ya vichaka pajazwe maua mafupi. Galanthus nivalis hutoa maua meupe yaliyoinamisha vichwa, Januari na Februari, hata theluji ikiwa bado ardhini. Vitunguu vyake vikikauka hufa upesi, kwa hiyo ni afadhali kuvinunua Februari au Machi, maua yamekwisha na majani yangali mabichi, na kuvipanda siku hiyo hiyo. Cyclamen coum, wa rangi ya waridi iliyokolea, huota vizuri chini ya miti. Helleborus hufuatia mpaka Machi na Aprili. Ukateni majani yake makongwe mwezi wa Desemba au Januari ili maua yaonekane, na kwa kuwa nayo huinama, pandeni mahali palipoinuka kidogo.

Tungependa pia kuutaja Iris unguicularis, ambao asili yake ni Algeria, Tunisia na nchi za mashariki ya Bahari ya Kati. Huchanua maua ya zambarau katika baridi, na kinyume na mimea mingine, hautaki samadi wala udongo mzuri. Uwekeni chini ya ukuta unaotazama kusini, penye vifusi na ukavu, kisha muusahau.

KWA WASIO NA UWANJA

Wanaoishi ghorofani, au katika nyumba za kupanga, wasijione kuwa wametengwa. Vyungu vitatu juu ya kibaraza vinatosha. Chungu kimoja kiwe na Erica carnea, mmea mfupi wenye maua ya waridi au meupe kuanzia Desemba hadi Aprili. Cha pili kiwe na Skimmia, aina ya Rubella, ambao vifundo vyake vyekundu hukaa hivyo baridi nzima ndipo vikafunguka Machi na Aprili. Cha tatu kiwe na Sarcococca tuliyokwisha kuitaja. Viinueni vyungu juu ya vipande vya matofali ili maji yapite, kwani maji yakituama na kuganda huupasua udongo wa chungu. Na msidhani kwamba kwa kuwa ni baridi mmea haunywi. Mmea usiopukutisha majani huhitaji maji hata Januari, hasa ukiwa chini ya paa ambapo mvua haifiki. Anayehama nyumba huhama na vyungu vyake.

TAHADHARI KWA WENYE WATOTO

Mzuri kwa macho huenda usiwe mzuri kwa tumbo. Vitunguu vya Galanthus ni sumu, Helleborus ni sumu na utomvu wake huwasha ngozi, na vitunda vya Ilex huleta kutapika. Ulio mbaya kuliko yote ni Taxus, ule mti wa kijani kilichoiva ambao hupatikana sana makaburini na katika nyua za zamani: majani yake na mbegu zake huweza kuua. Mwenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni asiupande, na kama ameukuta nyumbani asimwache mtoto peke yake karibu nao. Vitunguu vya maua pia visiwekwe jikoni karibu na vya kupikia.

GHARAMA NA KUGAWANA

Kati ya Novemba na Machi, mashamba ya miche huuza vichaka na miti ikiwa na mizizi mitupu, bila ya chungu wala udongo. Bei yake ni ya chini kuliko ile ya chunguni, na mmea huo hushika vizuri ukipandwa upesi katika siku ambayo ardhi haikuganda. Ulizeni bei hizo kabla ya kununua mmea mkubwa ulio chunguni.

Na iko njia isiyo na gharama kabisa. Majani ya Cornus yakishapukutika, kateni kijiti cha unene wa kalamu ya risasi na urefu wa sentimita 20 hadi 25, mkifukie theluthi mbili katika udongo pembeni mwa uwanja, mkiacha theluthi moja juu. Baada ya mwaka mmoja kitakuwa kimetoa mizizi. Familia moja ikinunua mmea mmoja mwaka huu, mwakani inaweza kuwapa jamaa watano. Vitunguu vya Galanthus navyo huongezeka vyenyewe, na kila baada ya miaka michache huhitaji kugawanywa. Tukipeleka sahani ya futari kwa jirani, basi kwa nini tusipeleke na mche?

Mwenye uwezo wa mimea mitatu tu mwaka huu, nasaha yetu ni hii: Cornus alba palipo jua mbele ya dirisha, Sarcococca karibu na mlango, na fungu la Galanthus chini yake. Rangi, harufu na ua. Kila mmoja unashika zamu yake, na vyote vitatu havichukui ukanda unaozidi hatua tatu.

Wanaopenda kuona kwa macho kabla ya kununua, na wafunge safari mwezi wa Januari au Februari kwenda Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge, au Anglesey Abbey isiyokuwa mbali nayo, ambako msitu mdogo wa mibetula myeupe hupendeza baridi kuliko kiangazi. Chukueni na wazee, na chai ya tangawizi katika chupa. Mtaona kwamba mingi ya mimea iliyoko huko ilitoka Uchina, Himalaya na nchi nyingine za mbali, ikapandwa katika udongo huu mgeni na ikautolea maua wakati miti ya wenyeji imelala.

Katika toleo lijalo, Insha'Allah, tutazungumzia namna ya kuotesha mbegu za bilingani na pilipili juu ya kizingiti cha dirisha kabla ya jalidi kwisha.